Namna ya kukaa na mtu anayengoja

Sisi watu wa Nakuru matanga tunayajua. Mtu akifa asubuhi, kufikia jioni kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina ametajwa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye mkokoteni na kuna mama ameingia jikoni bila kuitwa. Harusi tunaijua, mtoto mchanga tunamjua, na hata nyumba iliyoungua tunajua la kufanya. Kinachotushinda ni kungoja. Kampuni imesema "nendeni nyumbani, tutawapigia." Daktari amesema majibu ya kipimo yatatoka wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika anasema ijayo tena. Mume yuko Saudia na simu yake haiingii. Kwa mambo ya aina hiyo hakuna hema wala kamati, maana hakuna anayejua kama ni la kulia au la kushukuru. Mwenye shida mwenyewe hajui.

Mimi ni msusi, kibanda changu kiko Langa Langa. Ushauri nasaha sikuusomea. Ila anayesukwa rasta anakaa kwenye kiti changu masaa manne, wakati mwingine matano, na anayengoja simu hana haraka ya kwenda popote, kwa hivyo hao ndio niliowasikia zaidi. Kazi hii niliianza kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, nikapitia nayo corona, nikapitia Ziwa Nakuru kupanda na kuingia nyumba za watu upande wa Mwariki. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona yakimshika mtu mkono kweli.

Nenda na kazi

Usiende "kumwona". Ukibisha ukasema umekuja kumwona, umeshamfanya mgonjwa, naye atakaa wima kwenye kochi akujibu kwamba tunamshukuru Mungu. Nenda na sababu. Mimi napeleka chanuo: "Nimekuja nikufumue hizo nywele, zimekaa sana." Wewe peleka maharagwe ya kuchambua, au sweta ya mtoto iliyofumuka, au simu iliyokushinda kubadilisha namba ya siri. Azima sufuria kubwa. Mtu aliyeambiwa kazini kwamba kwa sasa hahitajiki huchangamka kidogo ukimwomba kitu anachokiweza. Lakini iwe shida ya kweli. Akigundua ulijifanya hujui ili umfurahishe, amedharauliwa mara ya pili.

Angalia saa. Saa saba mchana na saa moja jioni ni saa za kupika. Atahisi lazima akuandalie, na huenda unga uliobaki umeshapimwa hadi mwisho wa wiki. Saa nne asubuhi ni nzuri, saa tisa alasiri pia. Chai utapewa hata ukiapa umetoka kunywa, ndivyo tulivyo, kwa hivyo pitia dukani uchukue paketi ya maziwa na robo ya sukari. Usiviweke mezani mbele ya mgeni mwingine. Mpe mtoto pale mlangoni, umwambie "peleka jikoni", uendelee na habari zako. Mkikosa maziwa kunyweni strungi. Strungi haijaua mtu.

Usimtazame usoni

Nimesikia kwenye redio wakisema ukimsikiliza mtu umtazame machoni. Labda ofisini. Kwangu mteja hunipa kisogo, na nimesimama nyuma ya vichwa nikasikia mambo ambayo watu hawa hawajawahi kuyasema mezani kwao.

Aprili 2020 alikuja mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Naivasha. Kama hukai huku, jua kwamba waridi lile sehemu kubwa haliuzwi hapa, linapanda ndege kwenda Uholanzi, Uingereza na kwingineko. Waingereza wana siku yao ya akina mama ambayo huwa karibu na Pasaka. Mwaka huo iliangukia tarehe 22 Machi. Maua ya siku hiyo yalikuwa yameiva, na katika siku chache tu soko la Ulaya likafungika kwa corona. Waridi likatupwa. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba hayo wakarudishwa nyumbani kwa likizo isiyo na malipo, naye akiwemo, na walichoambiwa ni kwamba watajulishwa.

Tulikaa nje ya kibanda, barakoa usoni, yeye kwenye kigoda, mimi nyuma yake nikifumua rasta kuukuu. Kafyu ilikuwa ya saa moja jioni kwa hivyo tulianza mapema. Saa nzima ya kwanza tuliongea bei ya sukari na watoto waliofungiwa shule. Rasta nilizozitoa alikuwa akizipokea mapajani, na niliposhuka kufika nyuma ya sikio ndipo nikaona anavyozipanga. Anahesabu kumi, anazigonga ncha kwenye goti zilingane, anazifunga kwa moja. Kumi nyingine, anagonga, anafunga. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Nikamwuliza, "Hizo zinasafirishwa leo?" Akacheka. Kisha akalia, na baada ya hapo yakatoka yote: kwamba bado anaamka saa kumi usiku kana kwamba basi la kazini linakuja, kwamba hajamwambia mamake kule Kakamega, kwamba maua yenyewe hayakuwa na kosa. Hilo la maua ndilo lililomuuma kuliko mshahara. Kazi yake alikuwa ameifanya vizuri, na ikatupwa shimoni ikiwa nzuri.

Nisingemtoa neno hata moja kama ningemketisha mbele yangu nikamwuliza anajisikiaje. Kwa hivyo kaeni bega kwa bega. Menyeni viazi, fueni, tembeeni naye hadi sokoni Wakulima mkirudi kwa miguu. Kukiwa kimya, acha kuwe kimya. Usikimbilie kukijaza na habari za shangazi yako aliyepitia kama hayo. Mikono ikiwa na kazi mdomo hujifungua kwa wakati wake.

Maswali

"Umepata kitu?" usiulize. Ameulizwa na landilodi, na mama mboga, na shemeji aliye Eldoret. Akipata utajua, kwa kuwa atakuja mbio kukuambia.

Uliza yanayojulikana. Kodi ni tarehe ngapi? Mtoto anafungua shule lini? Usingizi unakuja? Ulikula nini jana? Haya yana majibu, na mtu aliyezungukwa na mambo yasiyo na majibu hupumua akipata swali analoweza kulijibu.

Mpe saa anayoijua

Kwa maoni yangu hili linazidi mengine yote. Anayengoja hana siku. Jumatatu yake na Jumamosi yake ni moja. Tumaini analo, tena analo la kupita kiasi, ndilo linalomfanya aruke kila simu ikilia. Asichokuwa nacho ni jambo moja ambalo ana hakika litatokea. Hilo unaweza kumpa, na halina gharama: "Alhamisi saa tisa nitapita." Halafu upite, Alhamisi, saa tisa.

Usiahidi makubwa. Ukisema utakuja kila siku utashindwa wiki ya pili. Alhamisi moja inayotimizwa inatosha. Ukizuiliwa, piga simu kabla ya saa tisa, usipige baada yake. Tukiachana barabarani tunapenda kusema "nitakupitia siku moja", na kwa mwenye shughuli zake hiyo ni salamu tu. Kwa anayengoja ni simu nyingine ambayo haitapigwa.

Mwulize pia ni saa gani inayomlemea. Wengi wananitajia saa kumi na mbili kasoro jioni, matatu za kutoka mjini zinaposhusha watu na ploti nzima inasikia kufuli zikifunguliwa na watoto wakipokea mikoba. Saa hiyo ndiyo ya kupiga simu. Dakika tatu zinatosha: mechi ya Gor, bei ya nyanya, paka wa jirani. Wengine husema saa tisa usiku. Huwezi kuamka saa tisa usiku wiki nzima na bado ufungue kibanda asubuhi, mimi siwezi. Mnakubaliana hivi: akizidiwa akuandikie, na ujumbe wake ndio utakaoujibu wa kwanza ukiamka. Mteja wangu mmoja aliniambia kule kuandika tu kulimrudishia usingizi, kwa kuwa alijua saa ambayo atajibiwa.

Usitabiri. "Watakuita tu" hujui. "Itakuwa sawa" pia hujui, naye anajua kwamba hujui. Kama wewe ni mtu wa maombi, mimi ni mmoja wao, mwulize kwanza kama anataka mwombe, kisha omba kwa ufupi. "Mungu ana mpango" ni neno lake yeye akitaka kulisema. Wewe uliyeshiba usimsemee.

Na zile jumbe za kutiana moyo zenye jua linalochomoza, zilizosambazwa mara nyingi hadi simu yenyewe inakuonya, mwondoe kwenye orodha. Tuma sauti yako. Hata ukiwa umekwama kwenye foleni pale raundabauti, sema jina lake na useme uko wapi.

Pesa

Mkono mtupu haulambwi. Tusijidanganye kwamba mtu mwenye kodi ya miezi miwili anahitaji kusikilizwa tu.

Kidogo si aibu. Machi 2020, corona ilipoingia, Safaricom waliondoa ada ya kutuma M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na mwaka ule niliona watu wakitumiana 50, wakitumiana 100, watu ambao zamani wangeona haya kutuma chini ya elfu. Mia moja ni unga wa siku. Tuma bila hotuba, na usipige simu kuuliza kama imefika, M-Pesa imeshakuambia.

Mara nyingi ni heri kulipa kitu kuliko kumpa mtu noti. Pata namba ya mita yake, nunua tokeni za stima, umtumie zile tarakimu 20 bila maneno mengine. Jaza mtungi wa gesi wa kilo 6. Nenda duka analoandikiwa deni, mwambie mwenye duka akate mstari mmoja au miwili na asitaje jina. Wenye duka wanajua kunyamaza kuliko sisi wasusi. Kwa landilodi ni tofauti: usiende bila yeye. Nendeni wawili, yeye aongee, wewe uwe shahidi wa tarehe watakayokubaliana.

Kama unatoa, sema unatoa. Kama unakopesha, sema unakopesha na lini. Katikati ya hayo mawili ndipo urafiki unapofia. Kama mko chama kimoja cha kuchangiana kwa zamu, ongea na mweka hazina kando. Kumpa zamu yake mapema ni rahisi kuliko kumchangia, naye hatajiona amechangiwa. Kundi zima lisitangaziwe.

Akikufungulia kwamba amekopa kwenye programu za simu, meza mate kwanza, usimkemee. Chukueni karatasi muandike zote: jina, kiasi, tarehe. Mara nyingi hajawahi kuziona zote mahali pamoja, ndiyo maana zinaonekana mlima. Na kama mkopeshaji ameanza kupigia jamaa na marafiki waliomo kwenye simu yake kumwaibisha, ajue kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 zimekataza jambo hilo, na anaweza kupeleka malalamiko kwa Benki Kuu.

Baba wa Nyayo Gardens

Wake zao ndio wananiambia. Mzee anaamka, anavaa shati la kazi, anapiga viatu rangi, anaaga, na mchana mtu anamwona ameketi Nyayo Gardens, ile bustani ya mjini, na gazeti la juzi. Mke anajua. Mume hajui kama mke anajua.

Usimuumbue, na usimtume mke akamuumbue. Mtafute mwanaume mwenzake, asiye mcheshi sana, amwombe amsaidie kubeba kitu, kupiga fensi, kukagua pikipiki kabla hajainunua. Drafti ya vifuniko vya soda pale steji imefanya kazi ambayo mahubiri hayakuweza. Kwa mke huwa namwambia hivi: jioni usimwulize kazi ilikuwaje. Mpe nafasi ya kutodanganya leo. Siku atakapokuwa tayari atasema, na mara nyingi atasema akiwa anafanya kitu kingine, anafunga mlango au anazima taa.

Mji mzima ukingoja

Kuna kungoja kwa mtu mmoja na kuna kungoja kwa mji. Kati ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 na tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila walipotia sahihi makubaliano mbele ya Kofi Annan, sisi hapa hatukujua tutaamkia nini. Mwishoni mwa Januari Nakuru ikachafuka. Uwanja wa maonyesho ukajaa watu waliofukuzwa kwao, na nikawa naenda huko na chanuo na uzi, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kupeleka. Wanawake waliokuwa wamepoteza nyumba walikaa chini kwenye nyasi wakasukwa mistari.

Nilichosikia zaidi pale ni habari ya simu. Walikuwa wakikumbuka nani wa kabila lingine aliyewapigia. "Jirani amesema ng'ombe amemfungia kwake." "Mwalimu wa mtoto amepiga." Simu za ndugu walizitarajia; hizi za upande wa pili walizisimulia upya kwa kila aliyeketi.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Piga simu hiyo sasa, mambo yakiwa shwari, ili siku yakichafuka isiwe mara yako ya kwanza kumpigia. Sema kitu kinachoshikika: watoto wanaweza kulala kwangu, funguo nipe mimi, namba yangu ya pili ni hii. Siasa wekeni kando, na video yoyote uliyotumiwa usimpelekee.

Swali ambalo huruki

Ukimsikia akisema amewachosha watu, au wataishi vizuri zaidi bila yeye. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu asioagana nao kwa kawaida. Au akiwa mtulivu ghafla baada ya wiki za kuhangaika, acha kuzunguka. Mwulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango.

Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Toa nyumbani dawa ya kunyunyiza mimea, dawa ya ng'ombe, vidonge. Piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au umpeleke hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Mwite mtu mmoja wa kwao anayemwamini. Wengi wananyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwambie hivyo. Nimeona mabega ya mtu yakishuka kwa kusikia hilo peke yake.

Nawe pia uwe na wa kumwambia. Mimi nina dada tunayeshiriki naye kibanda. Tukifunga jioni tunafagia nywele na kuyatoa yaliyotuzidi, bila kutaja ya nani.

Ukikuta mlango umefungwa

Itatokea. Umefika Alhamisi saa tisa, redio inasikika ndani, na hakuna anayefungua. Usibishe hadi majirani watoke. Acha ulichobeba kwa mlango wa pili, umwandikie: "Nimepita, maziwa yako kwa jirani, nitakuja Alhamisi." Neno "mbona" lisiwemo.

Wiki ya pili fanya vivyo hivyo. Simu ikiwa imezimwa na redio haisikiki, nenda kwa mwenye duka pale chini anayemuuzia nusu mkate. Yeye anajua nani amenunua na nani hajanunua. Akisema hajamwona tangu juzi, rudini wawili, wewe na jirani, na safari hii bisheni mpaka afungue.